Mtoto aliyekimbia vita hahitaji unga na blanketi tu

Kila vita inapolipuka kwa majirani zetu, picha tunazoziona ni zilezile. Mama amejitwisha mzigo kichwani, mtoto mmoja yuko mgongoni, mwingine anavutwa mkono. Januari 2025 tuliziona kutoka Goma, Februari zikatoka Bukavu. Wenye kumbukumbu hawajasahau Mei 2015 pale Kagunga, kijiji cha wavuvi mkoani Kigoma, ambako maelfu ya Warundi walibanana kati ya mlima na ziwa wakisubiri MV Liemba iwapeleke Kigoma mjini, na kipindupindu kikawakuta hapohapo.

Swali letu pia huwa lilelile: wapelekewe nini? Jibu huja haraka: unga, maharage, mafuta, maturubai, mablanketi. Ni jibu sahihi, ila ni nusu ya jibu.

Ndugu msomaji, hoja yangu leo ni kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, malezi ni sehemu ya tiba. Kunyonyeshwa, kushikwa, kuzungumzishwa na kuchezeshwa havipaswi kusubiri mambo yatulie. Vinapaswa kuanza siku ileile turubai linapofungwa. Na upo msaada mmoja tunaopenda kuutoa kwa moyo mweupe, ambao naomba tuuache kabisa.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko wewe. Akiharisha, maji humwisha mwilini kwa saa chache. Asipokula kwa siku chache, akiba aliyonayo ni ndogo mno. Ndiyo maana katika kila wimbi la wakimbizi, wanaotangulia kufa ni wadogo, na mara nyingi hawafi kwa risasi. Hufa kwa kuhara, nimonia, surua, malaria na utapiamlo. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma, takribani watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu.

Hayo ndiyo yanayoonekana. Yapo pia yasiyoonekana kwa macho. Ubongo wa binadamu hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote mwingine tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, yaani zile siku 1,000 za mwanzo. Mtoto anapofikisha miaka miwili, ubongo wake una takribani asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ubongo huo haujengwi kwa uji peke yake. Mtoto akilia, akajibiwa, akitabasamu, akatabasamiwa, akitamka sauti isiyo na maana, akasemeshwa kana kwamba amesema neno: hapo ndipo njia za fahamu zinapoungana.

Hofu nayo huingia mwilini. Mtoto akiogopa, mwili humwaga homoni zinazopandisha mapigo ya moyo na kumweka tayari kwa hatari. Akibebwa na mtu anayemwamini, homoni hizo hushuka na mwili hutulia. Hofu ikiendelea wiki hadi wiki bila mtu wa kumtuliza, mwili hubaki katika hali ya hatari. Usingizi huvurugika, kinga hudhoofika, na sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na utulivu hukua kwa shida. Kwa hiyo anayemkinga mtoto huyu kwanza ni mlezi wake, hata kabla ya hema.

Jambo hili halijagunduliwa jana. Wakati London ikipigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, Anna Freud na mwenzake Dorothy Burlingham walifungua nyumba za kulea watoto wa vita. Waliona kwamba wadogo waliobaki na mama zao chini ya mabomu mara nyingi walikuwa watulivu kuliko waliopelekwa mbali, mahali salama, bila mama. Mtoto mdogo haelewi bomu ni nini, ila anaelewa vizuri kwamba mama hayupo.

Maziwa ya kopo: zawadi yenye hatari

Sasa nije kwenye msaada ninaoomba tuuache. Kila yanapotokea maafa, yawe ya vita au mafuriko, watu wema hukusanya maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea. Nia ni njema, lakini matokeo si mema.

Maziwa ya kopo yanahitaji maji safi yaliyochemshwa, kuni au gesi ya kuyachemshia, sabuni ya kuoshea chombo, na mama anayeweza kusoma maelekezo na kupima sawasawa. Kambini maji hupangiwa foleni na kuni hutafutwa mbali. Chupa ile yenye chuchu ya mpira ni ngumu kuisafisha hata jikoni kwako, sembuse kwenye hema lenye sakafu ya udongo. Zaidi ya hapo, mtoto akishaanza kupewa kopo, hunyonya kidogo. Akinyonya kidogo, maziwa ya mama hupungua. Wiki mbili baadaye kopo limekwisha na aliyelileta ameshaondoka. Mama sasa hana kopo wala maziwa ya kutosha.

Ushahidi tunao. Baada ya tetemeko la ardhi la Yogyakarta, Indonesia, mwaka 2006, watafiti walikuta kwamba miongoni mwa watoto wadogo waliopokea maziwa ya kopo ya msaada, takribani asilimia 25 walikuwa na kuhara. Miongoni mwa ambao hawakupokea, ni takribani asilimia 12. Mwaka huohuo nchini Botswana, mvua kubwa zilifuatiwa na mlipuko wa kuhara, na idadi kubwa mno ya vichanga waliolazwa walikuwa hawanyonyeshwi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa kulisha watoto wakati wa dharura unakataza kuomba, kupokea au kugawa michango ya maziwa ya kopo na chupa.

Je, hakuna mtoto anayeyahitaji? Wapo. Yupo ambaye mama yake amefariki na hakuna ndugu wa kumnyonyesha. Mtoto huyo anahitaji maziwa hayo, lakini anapaswa kuyapata kupitia kituo cha afya: kwa kipimo, kwa ufuatiliaji wa kila wiki, na kwa kikombe badala ya chupa. Hiyo ni tiba ya mtoto mmoja mmoja, haigawiwi kwa lori.

"Maziwa yangu yamekauka kwa hofu"

Kauli hii wahudumu wa afya tunaisikia sana kutoka kwa kina mama waliopita kwenye misukosuko, na nyuma yake huwa na bibi au jirani anayethibitisha. Wengine huambiwa kwamba maziwa ya mwanamke aliyeshtuka ni mabaya, yatamdhuru mtoto.

Mama mpendwa, maziwa yako hayajaharibika. Hofu na uchovu vinaweza kuchelewesha maziwa kutoka kwa muda, lakini havikaushi titi. Kinachotengeneza maziwa ni kunyonya. Mweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mahali penye faragha, na umnyonyeshe mara nyingi, usiku na mchana, hata ukiona hakuna kitu. Kunywa maji, na ule chochote kilichopo. Mama mwenye njaa naye hutoa maziwa, isipokuwa aliyedhoofika sana, na huyo tiba yake ni kulishwa yeye mama. Hata mwanamke aliyeacha kunyonyesha kwa wiki kadhaa anaweza kurudisha maziwa akisaidiwa na mhudumu mwenye subira.

Kwa mama anayeishi na VVU, usiache kunyonyesha kwa sababu ya safari. La haraka kwako ni kupata dawa. Ukifika mahali pageni, sema mapema kwa mhudumu kwamba unatumia dawa za kufubaza virusi, hata kama kadi imepotea.

Ukiniuliza, basi, msaada wa kwanza kwa mama mwenye kichanga ni upi, nitakujibu: hema moja lililotengwa kwa ajili yao. Liwe na mkeka, maji ya kunywa, mwanamke mwenye uzoefu wa kusaidia wenzake, na pazia la kuzuia macho ya watu. Gharama yake ni ndogo kuliko shehena ya makopo.

Chakula na mchezo ni dozi moja

Najua neno "mchezo" linawakera baadhi ya watu likitajwa mahali penye njaa. Naomba nikupeleke Kingston, Jamaica. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi walipewa lishe ya ziada. Baadhi walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki na mhudumu wa jamii, aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa kutumia vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Wengine walipata vyote viwili, na kundi la nne halikupata chochote. Kazi hiyo ilidumu miaka miwili tu.

Miaka 20 baadaye waliwatafuta. Waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa takribani asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezeshwa. Lishe ya ziada peke yake haikuacha faida ya kudumu kama hiyo. Watoto hawa hawakuwa wakimbizi, lakini walikuwa maskini na waliodumaa, kama walivyo wengi walioko kambini. Chakula kilitunza mwili, mchezo ukajenga akili.

Hata wodini, miongozo ya kutibu utapiamlo mkali inatutaka tumpe mtoto chakula dawa, viuavijasumu, na pia muda wa kuchezeshwa kila siku. Anayetibu utapiamlo hukutana na mtoto ambaye uzito wake unapanda lakini macho hayafuati kitu, hatabasamu, halii akichomwa sindano. Mtoto mtulivu wa namna hiyo hututisha kuliko anayepiga kelele. Mara nyingi anaanza kubadilika siku mama yake anapoanza kumsemesha.

Na hapa ndipo penye jambo linalosahaulika zaidi: mama naye anaumwa. Ameona aliyoyaona. Pengine mume hajulikani alipo. Pengine ametendewa asiyoweza kuyasema. Mama aliyezama kwenye sonona hulisha kwa kulazimisha au hasahau kulisha kwa makusudi. Moyo tu umekufa ganzi. Kumkaripia kwa nini mtoto amekonda hakusaidii. Kumwuliza "wewe mwenyewe unalalaje, mama?" kunaweza kufungua mlango wa tiba ya wote wawili.

Hoja mbili ninazozisikia

Ya kwanza: fedha zenyewe hazitoshi hata kwa chakula. Ni kweli. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgawo wa wakimbizi walioko Tanzania hadi nusu kwa kukosa fedha. Lakini angalia ninachoomba. Kunyonyesha hakununuliwi. Mchezo wa vizibo na vigunzi vya mahindi haununuliwi. Kinachohitaji fedha ni mafunzo na posho ya akina mama wachache wa kambini wanaowatembelea wenzao. Katika kambi za Warohingya nchini Bangladesh, shirika la BRAC limefanya hivyo: wanawake na wasichana wa jamii ileile wanawachezesha watoto kwa nyimbo na michezo ya kwao. Fedha zikipungua, hoja ya kutumia kwa busara inazidi kuwa na nguvu.

Hoja ya pili ni ya wenyeji: kwa nini mgeni ahudumiwe wakati zahanati ya kijiji chetu haina dawa? Silidharau swali hili. Anayeuliza mara nyingi ni mama anayebeba mtoto mwenye homa kilomita kadhaa. Jibu langu ni kwamba huduma zipangwe kwa ajili ya wote wawili. Surua haiulizi uraia. Kipindupindu hakina kitambulisho. Mtoto wa mkimbizi asiyechanjwa ni hatari kwa mtoto wa mwenyeji, na kinyume chake ni kweli pia. Tuna mpango wetu wenyewe, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, uliozinduliwa Dodoma Desemba 2021. Halmashauri zinazopokea wakimbizi zingekuwa za kwanza kuutekeleza, vijijini na kambini kwa pamoja.

Tusijidanganye kwamba kambi ni jambo la muda mfupi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka 1997 leo huenda ana watoto wake palepale. Tukisema malezi yasubiri watakaporudi kwao, tunasema utoto wa vizazi viwili usubiri.

Ukiwa mzazi uliyehama

Ushauri huu ni kwa aliyekimbia vita, na unamfaa pia aliyehamishwa na mafuriko au maporomoko kama yale ya Hanang ya mwaka 2023.

Kwanza, usitengane na mtoto. Mwandikie jina lake, lako na mlikotoka, umfungie ndani ya nguo. Mfundishe anayeweza kusema ataje majina ya wazazi wote wawili. Usimkabidhi kwa mtu anayeahidi kumsomesha mjini. Baada ya 1994, watoto wengi wa Rwanda walitafutiwa ndugu zao kwa picha zilizobandikwa kambini, na haikuwa kazi ya siku moja.

Pili, beba kadi ya kliniki. Ikipotea, bado nenda kachanje. Kwa kawaida hapa kwetu mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9 na 18. Wakati wa dharura anaweza kuchanjwa kuanzia miezi 6, kisha akarudia akifika umri wake. Dozi ya ziada haimdhuru.

Tatu, akiharisha, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpe maji ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. ORS ikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au akilegea, mkimbize kituoni.

Nne, mwombe mhudumu ampime mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kwa utepe wa mkono. Chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, ana utapiamlo mkali na anahitaji tiba siku hiyohiyo. Kati ya 11.5 na 12.5, rangi ya njano, anahitaji lishe ya nyongeza na ufuatiliaji. Miguu yote miwili ikivimba, usisubiri utepe.

Tano, mrudishie mtoto utaratibu. Ale saa zilezile, aoge, alale na hadithi au wimbo wa nyumbani kwenu, kwa lugha yenu, iwe Kibembe, Kirundi au Kiswahili. Akianza kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo yako au kushtuka usiku, usimchape wala usimcheke. Ni hofu inayotoka. Akiuliza baba yuko wapi, usimdanganye. Mwambie: "Sijui bado, ila mimi nipo na wewe." Mtoto akiacha kucheza na kusema kwa wiki kadhaa, mpeleke akaonwe.

Nawe baba, usidhani haya ni ya mama peke yake. Robo saa ya kumbeba na kumsemesha mtoto inampumzisha mama na kumjenga mtoto.

Kwetu sisi tulio mbali

Ukiguswa kutoa, toa fedha kwa shirika linalotambulika, au uliza kwanza kinachohitajika. Sabuni, ndoo yenye mfuniko, kanga, taulo za kike na nguo za watoto hazimdhuru mtu. Maziwa ya kopo na chupa viache dukani.

Kwa wanaopanga misaada, ombi langu ni fupi. Katika orodha ya siku ya kwanza, baada ya maji, vyoo, chakula na chanjo, andikeni hema la mama na mtoto, na mtu wa kulisimamia. Msiliweke kwenye ukurasa wa mwisho unaokatwa bajeti ikipungua. Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walikubaliana tangu mwaka 2018 kwamba mtoto anahitaji mambo matano: afya njema, lishe, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema na usalama. Hawakuandika kwamba matano hayo ni ya mtoto wa nchi yenye amani tu.

Mtoto aliyevushwa ziwa wiki hii hatakumbuka jina la boti wala la shirika lililompa blanketi. Lakini mwili wake utakumbuka kama alipolia kulikuwa na mtu wa kumchukua. Tuhakikishe mtu huyo yupo, ameshiba, na ana mahali pa kukaa naye.